Filamu Isiyotaja Vijiji

Tangu wale watu walipoingia Uvira na bunduki zao, swali moja lilikuwa zito kuliko yote: unatoka wapi? Waliuliza kwenye bariera za barabarani, waliuliza sokoni, waliuliza hata mama aliyebeba beseni la samaki wadogo, ndagala, kichwani. Ukijibu Sange, wanakutazama. Ukijibu Mutarule, wanakutazama zaidi, kwa sababu vijana wengi wa kule walikuwa wamepanda milimani na silaha. Mimi natoka Lubarika. Nilijifunza kujibu, "Kimanga, hapa hapa mjini," na nikishapita namwomba Mungu anisamehe.

Ndiyo maana niliiogopa filamu ya mtoto wangu.

Nieleze kwanza filamu ya zamani. Nilipokuwa msichana, walimu wachache wa hapa na padri mmoja mwenye kamera walitengeneza filamu ya nyimbo wakaiita Shule ya Sauti. Ni habari ya vijana wanaokubaliwa katika shule ya kuimba na kucheza. Shule yenyewe ilikuwa darasa moja lenye mabati yaliyotoboka. Mwalimu aliwapigia mdundo kwa kifutio cha ubao, mpaka nyuso zao zikawa nyeupe kwa chaki. Mwishoni ulikuja mtihani. Kila mwanafunzi aliingia uwanjani kwa mdundo wa ngoma wa kijiji chake, akaimba jina lake na kijiji chake, na wenzake wakamwitikia. Kaka yangu Libérat alikuwa mmoja wao. Aliingia kifua wazi, suruali imefungwa kwa kamba, akaimba: "Mimi Libérat, natoka Lubarika!" Wengine wakajibu: "Tuko!"

Watu wa hapa hawakuitazama filamu hiyo kimya. Kijiji chako kikitajwa, unasimama pale ulipo na kujibu pamoja nao: Tuko! Vita vilipoendelea, watu wakaanza kuongeza majina ya wasiokuwepo. "Tuko! Na Mathieu yuko!" Hakuna aliyeamuru, ikawa desturi tu. Libérat alipovuka ziwa kutafuta kazi na tusimsikie tena, nami nilisimama kila mara: "Tuko! Na Libérat yuko!" Nilikuwa nikisema hivyo kama mtu anayesali.

Mwaka jana, kabla wale watu hawajaingia, kijana mmoja aliyesomea kamera Bukavu, Achille, alikuja nyumbani. Alisema anataka kuifanya upya filamu ile, kwa picha safi na vijana wa leo. Kaseti za zamani zilikuwa zimeoza, na zile za padri zilichukuliwa na maji mto Mulongwe ulipofurika. Nakala pekee iliyobaki ilikuwa kwenye kadi ndogo ya simu yangu. Nilimpa akainakili. Binti yangu Noella ndiye aliyechaguliwa kuimba sehemu ya mjomba wake. Siku hiyo nililia kwa furaha nikapika samaki wa mikeke.

Baadaye mji ukapata wenyewe wapya. Simu zikaanza kupekuliwa barabarani, Achille akafuta nakala yake kwa woga. Filamu mpya ilikuwa imekwisha kupigwa, ikabaki kuunganishwa tu. Alipoomba ruhusa ya kuionyesha katika ukumbi wa parokia, ruhusa ilitoka kwa sharti moja: na wao watakuja kutazama.

Nilimkuta Noella akifua uani.

"Noella, ile sehemu ya vijiji iko ndani?"

"Mama, nilikuambia ni sirprizi. Utaona siku ile."

"Minye sitaki kuona siku ile. Nataka kujua leo."

"Weye mama unapendaka kuharibu bintu vizuri!" Alicheka, akanirushia povu la sabuni. Lakini hakunitazama machoni.

Basi nikafunga. Sikula mchana hata siku moja ya juma lile, na kila nilipotoka kwenye masomo ya jioni, tunakofundishwa watu wazima kusoma, nilipita kanisani nikapiga magoti kwenye benchi la nyuma. Nilisali hivi: Bwana, watu wetu wamezoea kusimama. Miguu yao itasimama kabla ya akili. Wakisimama kwa Sange, kwa Lubarika, kwa Mutarule, wale watu watahesabu vichwa bila kuuliza lolote. Na sauti itakayowasimamisha ni ya mtoto wangu. Fanya kijiji hata kimoja kisitajwe.

Sikuwahi kuomba jambo lolote kwa bidii kama hilo.

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa. Kila mtu alikuja, wengine kwa hamu, wengine kwa kuogopa kuonekana hawakuja. Komanda wao alikaa mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki, Fanta mkononi, vijana wake wamesimama kando ya ukuta na bunduki zimening'inia. Noella na Achille walikuwa mbele pia, karibu na mashine ya kuonyesha filamu. Jenereta ilinguruma nje.

Mimi nilikaa katikati na jirani yangu, Mama Marie-Jeanne. Ni mzee wa Mutarule, mcheshi, na masikio yake yamekwisha. Maneno hasikii, ila ngoma anaisikia. Anasema inampandia miguuni. Mwanawe Patient alipanda milimani na wale vijana wengine, na kwetu mtaani jina hilo lilikuwa halitamkwi tena. Nilitaka kumwonya, lakini mtu kama yeye anaonywa kwa kupiga kelele, na pale kelele haikuwezekana. Nikamwekea mkono begani, nikamsukuma chini kidogo, nikamwonyesha kidole: tukae.

"Si tumekaa?" akasema kwa sauti. "Mama Noella naye! Unataka tulale?"

Watu wa karibu wakacheka. Kijana mmoja pale ukutani akageuka. Nikacheka na mimi.

Filamu ikaanza kwenye ukuta mweupe wa mbele.

Niseme ukweli: ilikuwa safi. Ziwa lilionekana kama limepakwa rangi. Lakini shule ile sikuijua. Ilikuwa nyumba ya vioo juu ya kilima, na vijana walishuka ngazi wamevaa viatu vyeupe pe.

"Sasa hii ni shule ao hoteli?" mtu akanong'ona nyuma yangu.

"Viatu vyeupe hivi, kwa vumbi gani? Hawa wanaishi Uvira ya wapi?"

"Wee, nyamaza, utatuletea maneno."

Mwalimu hakuwa na kifutio wala chaki. Alivaa miwani myeusi, akakaa nyuma ya meza na kubonyeza taa nyekundu kila alipochoka na mwimbaji. Nyimbo zilitoka kwenye kompyuta, zote na mdundo mmoja kama mashine ya kusaga mihogo. Hata vichekesho vilikuwa vimeondolewa. Katika ile ya zamani kuna mwanafunzi anayeimba vizuri akiwa amebeba gunia la mchele tu. Akilitua, sauti inapotea. Sote tulimngojea mtu huyo. Hakutokea. Badala yake kulikuwa na msichana anayelia kwa sababu simu yake imevunjika.

Noella alipoingia, nilijikaza nimpende. Walimpaka midomo rangi ya kung'aa na kumvika gauni ambalo hata kukaa huwezi. Aliimba vizuri, mtoto wangu ana sauti. Lakini niliona macho yake pale ukutani, makubwa, hayana mtu ndani.

Hata hivyo hofu haikuniacha nafasi ya kukasirika. Kila wimbo ulipokwisha nilijua tunakaribia mtihani. Nilimtazama Komanda kwa nyuma: alikuwa akipiga miayo na kuchezea kifuniko cha chupa.

Kisha ngoma ikalia.

Haikuwa ya kompyuta. Ilikuwa ngoma ile ile ya zamani. Achille alikuwa ameichukua kwenye ile nakala niliyompa, kabla hajaifuta, na kuiweka chini ya picha zake. Ukumbi mzima ukashtuka. Mtu mmoja mbele yangu alivuta pumzi kama aliyechomwa mwiba.

Kijana wa kwanza akaingia. "Mimi Kevin!" akaimba. Ngoma ikapiga mahali pa kijiji, lakini kijiji hakikutajwa. Niliona viuno vya watu vikinyanyuka kidogo kwenye mabenchi na kurudi. Akaingia msichana. "Mimi Ketty!" Ngoma tena, bila neno. Kisha Noella, usoni taa za rangi.

"Mimi Noella!"

Ngoma ikapiga, na pale pa Lubarika hapakuwa na kitu. Magoti yangu yalikuwa yamekwisha kunyooka nusu. Niliyashika kwa mikono nikayarudisha chini.

Mungu alikuwa amenijibu, neno kwa neno, kama nilivyoomba. Nami nilikaa pale nikihisi kama mtu aliyeibiwa. Bwana, nilisema moyoni, nimekuomba mwenyewe. Mbona basi ninachukia hivi?

Sikupata muda wa kungojea jibu. Ngoma ilibadilika, ikaanza ule mdundo mfupi wa Mutarule, na Mama Marie-Jeanne akasimama. Alisimama wima, kitenge kimefungwa vizuri, mkono juu.

"Tuko!" akaita. Sauti yake ilijaza ukumbi. "Na Patient yuko!"

Hakuna mwingine aliyejibu. Komanda akainua mkono. Achille akasimamisha filamu, na picha ikabaki imeganda na mdomo wa kijana ukiwa wazi. Ikasikika jenereta tu.

"Nani amesema?"

Hakukuwa na haja ya kujibu. Ni mtu mmoja tu aliyesimama, na alikuwa anatabasamu, anatazama ukuta. Nikamvuta kitenge. Akanipiga mkono.

"Wacha, Mama Noella! Bado Kiliba!" Katika filamu ya zamani, kijiji cha Kiliba ndicho kilichofuata.

Komanda aliinuka. Hakuwa na haraka. "Mama," akasema, "tuko, ni nani na nani? Kiliba inafanya nini? Na huyu Patient ni nani?"

Mimi nilikuwa nimeshika kitenge cha mzee yule. Nilitafuta sala, hata ya mtoto mdogo, sikuipata. Nilijua ninachopaswa kufanya, nisimame niseme neno lolote. Miguu ile iliyotaka kusimama muda mfupi uliopita, sasa haikutaka.

Aliyesimama ni Noella.

"Komanda, samahani. Bibi hasikie, masikio ilikufa zamani. Anachanganya na filamu ya kwanza."

"Filamu gani ya kwanza?"

"Hii tuliifanya upya. Ile ya zamani iko na kijana wa ngoma, jina lake Patient. Anatoka Kiliba. Akipiga ngoma vile, batu wanajibu: tuko, na Patient yuko. Ni muchezo wa wazee tu."

Alisema yote kwa sauti nyepesi, hata na kicheko kidogo. Hakuna Patient katika filamu ile. Kila mtu mzima ndani ya ukumbi alilijua hilo.

Komanda alimtazama, akamtazama mzee. Mama Marie-Jeanne, kwa kuona mtu mkubwa anamtazama, akampungia mkono.

"Kumbe iko ya zamani," akasema Komanda. "Nani iko nayo?"

Noella akaigeukia mashine. Ndipo Rémy, anayepiga kengele ya kanisa, mtu mwema lakini mwoga kuliko sisi sote, akajikuta anajibu: "Mama yake alikuwa nayo kwa simu, chef. Sijui kama bado."

"Vizuri. Minye napendaka filamu za zamani. Kesho asubuhi nitapita kwenu, nimuone huyo Patient anavyopiga ngoma." Akakaa. "Endeleeni!"

Filamu ikaendelea. Hakuna aliyeitazama. Ilipokwisha tulipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Tulimfikisha Mama Marie-Jeanne kwake, naye njiani akalalamika kwamba filamu mpya haina kitu, ni taa tupu, na kwamba sisi tumekuwa wavivu wa kujibu. Nilimwambia mkwewe asimtoe nje. Kisha nikafunga mlango wetu, ingawa jua lilikuwa bado juu ya ziwa, na Noella akaketi sakafuni.

"Ilikuwa ndani, mama," akasema.

"Nini?"

"Vijiji. Tuliviimba vyote. Minye niliimba Lubarika vizuri kabisa, Achille alilia. Ni minye nilimuomba akate. Nilijua weye utasimama."

Nilikuwa nimesali filamu ikatwe kwa ajili yake, na yeye alikuwa ameikata kwa ajili yangu. Nilikaa karibu naye chini, nikamshika kichwa. Alinuka rangi ya midomo aliyojipaka kwa siku hiyo, ile ile ya kwenye filamu.

"Akiiona ile ya zamani," nikasema, "atajua hakuna Patient wa ngoma."

"Atajua nilidanganya. Atarudi kwa bibi. Atamuuliza Patient ni nani."

"Na ataona sura zetu zote na vijiji vyetu."

"Tuifiche kadi, mama. Tuizike uani."

"Wakichimba?"

Tuliwahi kuona wakichimba.

Nilichukua simu nikafunika kichwa changu na simu kwa kitenge, kama mama anayemnyonyesha mtoto mbele za watu, nikapunguza sauti mpaka mwisho karibu. Sikuitazama yote. Nilikwenda kwenye mtihani. Libérat akaingia, kifua wazi, kamba kiunoni. Ana meno mawili yamepandana, nilikuwa nimesahau. Akaimba. Wenzake wakamjibu. Mimi sikusema lolote, kwa sababu ya dirisha na wapita njia.

Noella aliponyoosha mkono kusaidia, nilimzuia. Nilisema, kama kuna dhambi, iwe kwangu. Simu iliniuliza kwa Kifaransa kama nataka kufuta, nikasoma herufi moja moja kwa kidole kama tulivyofundishwa jioni, nikahakikisha kwamba ndilo neno lenyewe. Nikabonyeza. Haikuchukua muda wowote. Nilidhani itachukua muda.

Hatukulala vizuri wala sitaki kuisimulia sala ya usiku ule.

Asubuhi alikuja kweli, na vijana wake wawili. Walibaki mlangoni. Yeye aliingia, akaondoa kofia, akakaa kwenye kiti changu. Alinisalimu kwa heshima. Hilo lilinitisha zaidi.

"Mama, iko wapi?"

"Haiko tena, Komanda. Ilifutika kwa simu."

"Ilifutika lini?"

"Simu ni ya zamani, inafutaka bintu ovyo."

Alinyoosha mkono. Nikampa simu. Alifungua picha, moja baada ya nyingine, bila haraka. Ubatizo. Kwaya. Noella na gauni la shule. Alifungua sauti, nyumba ikajaa wimbo wetu wa rozari, akausikiliza mpaka mwisho. Noella alisimama karibu na jiko, mikono nyuma. Nilihesabu pumzi zake. Alitoa kadi, akaigeuza mwangani, akairudisha.

"Huna kitu humu isipokuwa Mungu," akasema.

"Ndiyo, Komanda."

Alinirudishia simu lakini hakuinuka. Alinitazama usoni, na nikaona hakuwa amekuja kwa ajili ya simu tu.

"Weye uliona zote mbili. Niambie ukweli. Ile ya kwanza na hii ya jana, ipi iko nzuri?"

Swali lilionekana dogo. Lakini nilijua kwamba nikiisifu ile ya kwanza, ataitafuta nyumba kwa nyumba, mji mzima, kutoka Kalundu mpaka Kavimvira. Niliona nyuma yake uso wa Noella. Nikaona shule ya vioo, na viatu vyeupe, na yule msichana anayelilia simu yake.

"Hii ya jana," nikasema. "Ya kwanza haikuwa kitu. Hii ya jana ni nzuri kuliko ile mara mia."

Alizungusha kofia mkononi. Kisha akaangua kicheko, akajipiga paja.

"Basi ile ya kwanza ilikuwa mbaya sana, mama! Maana hii ya jana nilisinzia!"

Vijana mlangoni wakacheka. Noella akacheka, sauti yake juu mno. Komanda alivaa kofia akatoka akiwa bado anacheka, na mimi nilimsindikiza hadi kwenye lango nikicheka pamoja naye, kama ilivyo heshima kwa mgeni, mpaka alipokata kona.